Je, Wajua Dereva wa Treni Hapigi Namba?

Abiria wengi hudhani kifaa kilicho mbele ya dereva wa treni ni simu ya upepo kama ya polisi: ukibonyeza, kila aliye hewani anasikia. Kwenye reli za Uingereza, zinazotumia mtandao wa simu za reli uitwao GSM-R, sivyo. Dereva hubonyeza kitufe kimoja cha kumwita mwongozaji wa treni, na mtandao wenyewe hutafuta nani anasimamia kipande hicho cha reli. Akivuka mpaka wa eneo, kitufe ni kilekile lakini anayepokea ni mwingine.

Siri iko kwenye kujisajili. Kabla ya kuondoka, dereva huandika namba ya safari, tuseme 1A23, pamoja na tarakimu tatu za mahali alipo. Tangu hapo mwongozaji haiti mtu wala kichwa cha treni, anaiita 1A23. Kosa dogo hapo linaweza kupeleka maagizo kwa dereva asiyehusika, ndiyo maana kila upande hujitambulisha kwanza, na dereva hurudia maagizo yote mwongozaji akisikiliza. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction jijini London, dereva wa treni isiyo na redio aliona taa ikigeuka nyekundu ghafla mbele yake. Akasimama, akashuka kwenda kutoa taarifa kwa simu iliyokuwa kandokando ya reli. Treni iliyomfuata ikaigonga yake kwa nyuma; watu 35 walikufa. Chanzo kilikuwa waya wa zamani uliopaswa kuondolewa, lakini uchunguzi ulitaka pia treni ziwekewe redio. Leo dereva ana kitufe chekundu: akikibonyeza, simu yake inakatiza nyingine zote, na kila dereva aliye eneo hilo husikia king'ora na kusimamisha treni yake.

Poland, kwa upande wake, ilikuwa bado na mfumo wa zamani, ambamo milio mitatu ya redio hufunga breki bila kuuliza nani ameipiga. Agosti 2023 wahuni waliirusha hewani, na treni zaidi ya 20 zikasimama. Udhaifu huo ulijulikana miaka mingi. Kuuacha kulikuwa uzembe.

Tukirudi kwenye GSM-R, mtandao huo pia hutuma ujumbe mfupi, humjulisha mwongozaji dereva akizidiwa na kuachia kikanyagio cha usalama, na penye mfumo wa kudhibiti treni uitwao ETCS, ngazi ya pili, hubeba ruhusa ya treni kusonga.

Reli ya kisasa (SGR) ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, inatumia teknolojia hii, wakati Ulaya inajiandaa kuihama kwa sababu GSM imezeeka. Vipuri vitaadimika. Fedha za kuibadilisha zitengwe mapema, na minara iliyopo itunzwe kama tunavyotunza mabehewa.