Joto Ndilo Adui wa Gia Otomatiki: Wenye Motokaa za Kasi na Wajihadhari

KILA ifikapo Desemba, barabara kuu ya kwenda Mombasa hujaa motokaa za watu wanaokwenda kupunga upepo wa bahari. Katika msururu huo utaziona Subaru za turbo na Toyota za injini kubwa zikipita malori kwa mlio unaosikika kutoka mbali. Na siku chache baadaye, wakati wa kurudi, utaziona baadhi ya motokaa hizo hizo zimeegeshwa kando ya njia, boneti zimeinuliwa, nao wenyewe wamekaa kivulini wakipiga simu.

Wapita njia wenye huruma husimama na chupa za maji. Rejeta inafunguliwa na kuonekana imejaa. Injini inawashwa, nayo inanguruma kama kawaida. Lakini dereva akitia gia, motokaa haisongi, au inasonga kwa kukokota kama punda aliyechoka.

Hapo, ndugu msomaji, maji hayana kazi. Kilichougua ni giaboksi, na ugonjwa wenyewe ni joto.

Tunaishi katika nchi ambayo mwendo wa kasi ni sehemu ya mila za mjini. Kijana akinunua motokaa, mara nyingi kwa mkopo wa chama cha akiba, jambo la kwanza hubadilisha ekzosi ili ingurume. La pili ni rimu, la tatu ni muziki. Mafuta ya gia hayakumbukwi kabisa, kwa sababu hayaonekani wala hayasikiki. Na giaboksi ikifa, gharama yake yaweza kuzidi ekzosi, rimu na muziki vikiwekwa pamoja.

OTOMATIKI SI DHAIFU

Wako makanika wazee ambao mpaka leo husema kwamba gia otomatiki ni ya akina mama wa kwenda sokoni, na kwamba haiwezi kustahimili mikiki ya Afrika. Historia ya mashindano ya magari inawakanusha.

Mwaka wa 1979 kampuni ya Mercedes-Benz ilileta katika Safari Rally motokaa aina ya 450 SLC 5.0, zenye injini ya lita tano na gia otomatiki. Watu walicheka. Hayo yalikuwa magari ya matajiri, mazito, ya kwendea hotelini. Lakini Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili, nyuma ya Shekhar Mehta wetu aliyekuwa na Datsun. Mwaka uliofuata, 1980, Vic Preston Mdogo wa hapa Kenya alimaliza wa tatu katika Mercedes ya namna hiyo hiyo.

Kati ya mashindano hayo mawili, Desemba 1979, timu hiyo ilikwenda Bandama Rally, kule Côte d'Ivoire, katika joto na vumbi la Afrika Magharibi. Mikkola alishinda, na nafasi nne za kwanza zote zikachukuliwa na Mercedes. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa motokaa ya gia otomatiki katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa rally.

Basi kama otomatiki iliweza kuhimili maelfu ya kilomita za mashindano katika nchi za joto, kwa nini ya jirani yako ife Mtito Andei? Jibu ni kwamba zile za mashindano zilikuwa na makanika waliokuwa wakizingojea njiani, wakizikagua kila zinaposimama. Ya jirani yako haijafunguliwa kifuniko tangu iliposhushwa melini Kilindini.

JOTO LINATOKA WAPI?

Katika motokaa ya gia za mkono, klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi. Katika otomatiki, kazi hiyo hufanywa na mafuta. Baina ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kiitwacho koniveta. Ndani yake mna feni mbili zinazotazamana, zikiwa zimezama katika mafuta. Feni ya kwanza huzungushwa na injini. Mafuta yakirushwa nayo huisukuma ile ya pili, nayo huzungusha giaboksi.

Ni ufundi wa ajabu, lakini una bei yake. Feni moja ikienda kasi kuliko mwenzake, mafuta husuguana, na nguvu inayopotea hapo hugeuka kuwa joto. Ukishika breki huku unakanyaga petroli, kama wafanyavyo vijana wenye turbo wakingoja taa za trafiki ziwe kijani, motokaa haisongi hata inchi moja. Nguvu yote inayofika katika koniveta inakuwa joto. Sekunde chache za mchezo huo zinatosha kuyachemsha mafuta.

Watengenezaji wa motokaa walilijua jambo hili. Ndiyo maana otomatiki nyingi za miaka hii zina klachi ndogo ndani ya koniveta, ambayo hufunga motokaa ikishika mwendo katika barabara iliyonyooka. Ikifunga, feni zote mbili huzunguka pamoja na msuguano huisha. Lakini ukiwa unapanda mlima polepole nyuma ya lori la makontena, mara unakanyaga, mara unaachia, klachi hiyo hufunguka na joto huanza kupanda.

Sasa itazame safari ya kurudi Nairobi. Unatoka usawa wa bahari, na kwa muda wa kilomita zipatazo 480 unapanda hadi zaidi ya mita 1,600. Mombasa mnamo Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 33. Ndani ya motokaa mna watu watano, mizigo, na pengine gunia la nazi na mikungu ya ndizi. Kipoza hewa kinafanya kazi kwa nguvu zote. Mbele yako kuna malori ishirini yanayokokota kupanda Mazeras. Hapo giaboksi inabeba mzigo ambao haikuubeba wakati wa kuteremka.

MAFUTA YAKIUNGUA

Mafuta ya gia otomatiki yana kazi nne: kupitisha nguvu, kulainisha vyuma, kuendesha vali zinazobadili gia, na kuondoa joto. Yakiharibika, kazi zote nne huharibika pamoja.

Mafuta hayo hupenda kukaa karibu na nyuzi 80. Mafundi wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba kila joto likizidi hapo kwa nyuzi kama kumi, umri wa mafuta hupungua kwa nusu. Mafuta ambayo yangekwenda kilomita 160,000 katika nyuzi 80, yatakwenda kama 40,000 tu yakizoea nyuzi 100. Yakipita nyuzi 115 huanza kuacha utando kama vanishi juu ya vali. Yakizidi hapo, sili za mpira hukauka na kuwa ngumu, presha hupungua, na sahani za klachi za ndani huteleza. Kuteleza kukizaa joto jingine, mambo yamekwisha.

Ubaya ni kwamba mshale wa joto ulio katika dashibodi hupima maji ya injini, si mafuta ya gia. Giaboksi yaweza kuungua huku mshale umetulia katikati. Dereva mwenye busara huangalia dalili nyingine: gia zinazochelewa kuingia, injini inayopiga kelele bila mwendo kuongezeka, mshtuko motokaa inapobadili gia, au harufu kama ya mkate ulioungua.

REJETA NDOGO, FAIDA KUBWA

Katika motokaa nyingi, mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta ile ile ya injini. Hupita katika bomba lililo ndani ya tangi la rejeta, yakaacha joto lake katika maji, kisha yakarudi. Mpango huu ni mzuri, lakini maji hayo yenyewe yana nyuzi kama 90. Hayawezi kuyapoza mafuta kupita hapo.

Kwa mwenye motokaa ya nguvu anayesafiri Pwani mara kwa mara, au anayevuta trela, dawa ni kuongeza rejeta ndogo ya mafuta ya gia. Hufungwa mbele ya rejeta kubwa, mahali penye upepo. Njia inayopendelewa na mafundi wengi ni mafuta yapite kwanza katika rejeta kubwa, ndipo yaende katika ndogo, halafu yarudi kwenye giaboksi. Kwa njia hiyo, asubuhi ya baridi kule Limuru maji ya injini huyapasha mafuta, na mchana wa jua kule Taru upepo huyapoza.

Mipira yake na iwe ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya gia, si mipira ya maji au ya petroli. Ifungwe mbali na ekzosi na isiguse feni. Mpira ukipasuka njiani, mafuta yote humwagika kwa dakika chache.

Kabla ya kutumia pesa, hata hivyo, angalia ulicho nacho. Baina ya rejeta na ile ya kipoza hewa hukusanyika wadudu, manyoya na udongo mwekundu, mpaka upepo haupiti. Mwoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Hakikisha feni zote mbili zinazunguka. Katika foleni ya magari, feni ndiyo upepo pekee ulio nao. Na rejeta ikiwa kuukuu sana, ibadilishe. Bomba la ndani likitoboka, maji huchanganyika na mafuta yakawa kama maziwa ya waridi, na mchanganyiko huo huziharibu sahani za klachi upesi.

MAFUTA YENYEWE

Wako wauzaji wasemao kwamba giaboksi za siku hizi zimefungwa kwa mafuta ya maisha. Swali ni hili: maisha ya nani? Motokaa ya mtumba ikifika bandarini imekwisha kutumika miaka kadhaa. Katika joto letu na mizigo yetu, kubadili mafuta mapema ni akiba, si hasara.

Lakini yatumike yale yaliyotajwa katika kitabu cha motokaa, kwa jina kamili. Mekundu yote si mamoja. Motokaa zenye gia za mkanda, ziitwazo CVT, zina mafuta yao mbali, na kuzitilia ya otomatiki ya kawaida ni kuziua.

Kama kuna kijiti cha kupimia, kitumie. Motokaa nyingi hupimwa mafuta yakiwa moto, injini inanguruma, gia ikiwa katika P. Chache hupimwa injini imezimwa, kwa hiyo soma kitabu kwanza. Mafuta mazuri ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya hudhurungi na yananuka, usingoje.

MKONO WA DEREVA

Gharama ndogo kuliko zote ni mwendo mzuri. Katika mlima mrefu, usiache giaboksi ikihangaika kati ya gia mbili. Ishushe mwenyewe kwa liva, iende kwa gia moja mpaka kileleni. Ukiwa nyuma ya lori, acha nafasi ili upate upepo na usilazimike kukanyaga na kuachia. Usiizuie motokaa mlimani kwa kukanyaga petroli, tumia breki.

Ukihisi dalili za joto, egesha mahali pa salama, tia P, zima kipoza hewa, na uache injini ingurume taratibu kwa dakika kadhaa, mradi mshale wa maji haujapanda. Pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini. Ukiizima ghafula, mafuta hayazunguki tena, na joto hubaki pale pale.

Kwa sababu hiyo hiyo, otomatiki isivutwe kwa kamba safari ndefu, injini ikiwa imezimwa. Magurudumu huzungusha vyuma vya ndani pasipo mafuta, na giaboksi iliyokuwa mgonjwa hufika gereji ikiwa maiti. Subaru inayosukuma kwa magurudumu manne ipakiwe juu ya lori.

Jambo la mwisho ni usalama wa roho za watu. Motokaa inayopoteza nguvu katikati ya kupita lori, mbele kuna basi linakuja, si hasara ya pesa tena. Dereva alitegemea kasi ambayo giaboksi haikuwa nayo.

Vijana wetu wana haki ya kuzipenda motokaa zao. Taifa lililomshangilia Joginder Singh na Shekhar Mehta haliwezi kuwakataza watoto wake kupenda kasi. Lakini madereva wale waliheshimiwa kwa sababu walifika. Ekzosi humtangaza mwenye motokaa anapoondoka Nairobi. Mafuta safi na rejeta yenye upepo ndivyo vitakavyomrudisha.