Kabla ya kuuliza chuo, uliza darasa

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakishatangazwa, mjini Bunia swali huzunguka nyumba kwa nyumba: huyu mtoto tumpeleke wapi? Anayetaka sheria au udaktari hutafutiwa jina la chuo, basi. Kwa anayetaka ualimu, jina la chuo ni jambo la mwisho. ISP Bunia, Chuo Kikuu cha Bunia, Shalom, au kuondoka kabisa hadi Kisangani: huwezi kuvipanga kabla hujajua kijana atasimama mbele ya darasa gani, atafundisha somo gani, na nani atamlipa.

Tuanze na shule ya msingi, maana huko ndiko wengi wanakopotea. Mwalimu wa msingi nchini Kongo hahitaji chuo. Anahitaji diploma ya Serikali ya seksheni ya pedagojia, ile ambayo watu wa mishahara huiandika D6. Mwenye diploma ya biokemia au ya biashara anaweza kupokelewa shuleni kwa kuwa hakuna mwingine, lakini kwenye karatasi hakusomea kazi hiyo. Kwa hiyo nusu ya uchaguzi ilikwisha kufanyika siku mtoto alipochagua seksheni sekondari, akiwa bado mdogo, na mara nyingi kwa kufuata rafiki zake. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipofanya shule ya msingi ya umma kuwa ya bure, madarasa yamejaa na walimu wa ngazi hiyo wanatafutwa. Aliyetoka pedagojia na moyo wake uko kwa watoto wadogo anaweza kuanza kufundisha mara moja, kisha akajiandikisha chuoni baadaye akiwa tayari anajua darasa lina harufu gani.

Chuo kinakuwa na maana kwa sekondari. Hapo njia ni mbili, na tofauti yake haielezwi vya kutosha.

Njia ya kwanza ni ISP, chuo cha juu cha ualimu. Ukoo huu ulianza mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, ilipofunguliwa Kinshasa taasisi ya taifa ya ualimu ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ualimu, UPN. Ndani ya ISP unasoma somo lako pamoja na namna ya kulifundisha, tangu mwaka wa kwanza. Idara zake zenyewe zimepangwa kwa kufuata masomo ya sekondari: Kifaransa, Kiingereza, historia, jiografia, hesabu na fizikia, biolojia na kemia, biashara. Njia ya pili ni chuo kikuu cha kawaida. Huko utasoma somo kwa mapana zaidi, lakini ukitaka kuhesabiwa mwalimu kamili wa sekondari unatakiwa kuongeza agregasioni, yaani mafunzo ya ualimu juu ya lisansi. Wazazi wengi husikia neno chuo kikuu wakaona ISP ni daraja la pili. Kwa mtu anayetaka kweli kufundisha, mimi naona kinyume chake. Ualimu unaowekwa mwishoni kama kiraka hauwi sawa na ualimu uliofumwa na somo tangu mwanzo.

Tazama staji, yaani mazoezi ya kufundisha, ndipo utaelewa. Mwanafunzi wa ualimu anaingia darasani na fishi ya matayarisho aliyoiandika usiku. Juu kuna lengo la somo. Chini zinafuata hatua ambazo kila mwalimu Mkongomani anazijua kwa kichwa: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu, kutangaza somo jipya, uchambuzi, majumuisho, zoezi. Nyuma ya darasa amekaa mwalimu mwenye somo, daftari mkononi, anaandika kila kosa: umewapa wanafunzi mgongo muda mrefu ukiandika ubaoni, umeuliza swali ukalijibu mwenyewe, dakika zimekwisha hujafika kwenye zoezi. Mara nyingine asistanti wa chuo anaingia bila kutangaza. Baada ya kengele wanakaa wote wanapitia yale makosa moja moja. Hapo ndipo mwalimu anapotengenezwa, si kwenye silabasi za kozi alizonunua. Kwa hiyo unapolinganisha vyuo, uliza hili kabla ya kuuliza minervali, yaani ada: staji inafanyika lini, kwa muda gani, katika shule zipi, na nani anakuja kukukagua? ISP kwa desturi huwa na shule yake ya mazoezi. Chuo kinachojibu kwamba utajitafutia shule mwenyewe na kuleta karatasi yenye muhuri, kimekwisha kukujibu.

Swali la malipo lina historia yake. Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule za makanisa. Mwaka 1977 ikazirudisha kwa mkataba: makanisa yanaongoza, Serikali inalipa. Hadi leo shule nyingi za Bunia na vijiji vyake ni za mkataba, za Wakatoliki au za Waprotestanti kama CECA 20. Mwalimu mpya anapokelewa na prefe au mkuu wa shule na kupita kwa uratibu wa kanisa, halafu anaanza kungojea matrikule, yaani namba ya utumishi, na jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara. Kungojea huko kunaweza kuchukua miaka, na walimu wasiolipwa wako kila mahali. Chuo hakiwezi kukufupishia safari hiyo. Ila kinaweza kuirefusha, kikikupa diploma ambayo wizara haiitambui. Chuo cha binafsi kinachofunguliwa leo kwenye nyumba ya kupanga, na matangazo makubwa barabarani, kwanza kioneshe hati ya kukubaliwa na Serikali, na wahitimu wake ambao diploma zao zimethibitishwa. Shalom haimo katika kundi hilo. Ilitokana na chuo cha theolojia cha Waprotestanti, ikachukua jina la chuo kikuu mwaka 2007. Swali la kuipelekea ni lile lile la vyuo vikuu vyote: somo ninalotaka kufundisha lipo, na ualimu nitausomea wapi?

Jihadhari pia na neno lisansi. Zamani lilikuwa miaka mitano, mitatu ya graduati na miwili juu yake. Katika mpango mpya wa LMD lisansi ni miaka mitatu, na masta miwili. Kaka mwenye lisansi ya zamani na mdogo wake mwenye lisansi mpya wana neno moja na safari mbili tofauti. Ukipiga hesabu ya gharama, hakikisha unajua unahesabu ipi.

Na kuondoka Bunia? Kisangani ina sababu nzuri: tangu mageuzi ya 1971 kitivo cha saikolojia na elimu kilikusanywa huko, na anayetaka kuwa mtafiti wa elimu au mkaguzi ana haki ya kuiwaza. Lakini barabara inapita Komanda, Mambasa na Nia-Nia, na kila mtu hapa anajua habari za usalama wa barabara hiyo. Bukavu ina ISP ya siku nyingi. Lakini tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mzazi wa Bunia anapaswa kujiuliza pesa ya mwezi itamfikia mtoto kwa njia gani. Uganda iko karibu, kwa Mahagi au kwa kuvuka ziwa kutoka Kasenyi, na Kiingereza chake kinavutia. Ila diploma ya huko itahitaji kulinganishwa na ya Kongo, na mwalimu aliyejifunza kufundisha biolojia kwa Kiingereza atarudi kwenye darasa la Kifaransa.

Mwenye uwezo katika hesabu na fizikia ningemshauri aombe ISP ya hapa katika idara hiyo, hata kama marafiki wote wanakimbilia kwingine. Maprefe wanawatafuta sana walimu wa masomo hayo. Diploma yenyewe ya Serikali huchelewa kutoka Kinshasa, hivyo aende na hati ya kufaulu na matokeo yake ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, nakala zikiwa zimethibitishwa mapema kabla foleni haijawa ndefu. Na kabla ya kulipa chochote, apite asubuhi moja kwenye shule ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa idara hiyo wanafanya staji, aombe ruhusa, akae nyuma.