Silinda ya haidroliki: Kitundu kama cha sindano chaweza kukupotezea mkono

Je, unamiliki trekta la zamani, lori la tipa au tingatinga ambalo kijiko chake, kikiinuliwa, hushuka chenyewe polepole hata kabla hujagusa leva? Je, kila asubuhi unaona mafuta yamechuruzika kwenye rodi ya silinda na kuacha doa ardhini? Ikiwa ndivyo, basi huenda sili zilizo ndani ya silinda zimechakaa, na pengine umeshaamua kuzibadilisha wewe mwenyewe.

Huna makosa. Mashine nyingi zinazolima mashamba yetu na kuchota mawe machimboni ni za umri mkubwa, na kumwita fundi kutoka mjini ni gharama. Seti ya sili hupatikana katika maduka ya vipuri, na mtu mwenye spana nzuri, mahali safi na subira anaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini kuna mambo ambayo mwenye duka la vipuri hatakwambia. Moja ni kwamba jeraha baya kuliko yote katika kazi hii, aghalabu, haliumi sana na halitoki damu nyingi. Mtu hulifuta kwa kitambaa, akaendelea na kazi, na kesho yake akajikuta kwenye chumba cha upasuaji.

NGUVU ILIYOFICHIKA

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa shinikizo la ratili 30 hivi kwa kila inchi mraba. Ngozi ya binadamu yaweza kutobolewa na shinikizo la ratili 100 hivi. Mafuta ndani ya silinda ya trekta la zamani huweza kufika ratili 2,500, na kwenye mashine kubwa za kuchimba hupita hapo mara mbili.

Chukua mathalan silinda ya upana wa inchi 4. Uso wa pistoni yake ni zaidi ya inchi mraba 12. Kwa shinikizo la ratili 2,500, pistoni hiyo husukuma kwa nguvu ya karibu tani 14. Ndiyo maana kijiko huinua jiwe ambalo wanaume kumi hawawezi kulisogeza.

Kumbuka pia kwamba kuzima injini si kuondoa shinikizo. Maadamu kijiko au bodi ya tipa iko juu, uzito wake unayakandamiza mafuta yaliyofungiwa ndani. Ukilegeza hosi wakati huo, mambo mawili hutokea kwa pamoja: mafuta hufyatuka, na mzigo huanguka.

SHUSHA MZIGO KWANZA

Kabla ya kushika spana, egesha mashine mahali tambarare, funga breki na uweke vizuizi kwenye magurudumu. Shusha kijiko mpaka kikae ardhini. Zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako, ili mtu mwingine asije akaiwasha. Kisha sukuma kila leva mbele na nyuma mara kadhaa ili shinikizo lililobaki liishe. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta polepole, na uiache mashine ipoe, kwa maana mafuta yaliyotoka kazini huweza kuunguza ngozi.

Ikiwa ni lazima bodi ya tipa ibaki juu, itegemeze kwa nguzo ya chuma iliyotengenezewa kazi hiyo, nayo iwe imekaa sawasawa mahali pake. Usitumainie jeki, mawe wala gogo. Kamwe usipitishe kichwa au mkono chini ya kitu kinachoshikiliwa na mafuta peke yake.

USITAFUTE UVUJAJI KWA KIDOLE

Hapa ndipo wengi huumia. Injini inanguruma, mafuta yanapotea, lakini haijulikani yanatokea wapi. Fundi anapitisha kidole juu ya hosi ili aguse mahali penye unyevu. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu chembamba mno huenda yasionekane kwa macho, au yakaonekana kama ukungu tu. Hata hivyo yana kasi ya kupenya glavu na ngozi.

Tumia kipande cha katoni au ubao, ukishike kutoka mbali, ukipitishe kando ya hosi. Mafuta yatakichora. Vaa miwani ya kukinga macho. Ukishapata mahali palipotoboka, zima mashine na uondoe shinikizo kama tulivyoeleza, ndipo uguse. Hosi iliyotoboka haifungwi kwa mpira wa tyubu na waya. Hubadilishwa.

KUFUNGUA SILINDA

Safisha silinda kwa nje kabla ya kuifungua, maana chembe moja ya mchanga itakwaruza sili mpya. Tia alama kwenye kila hosi ili ujue inarudi wapi, na uweke karai la kukingia mafuta. Fungua kifuniko cha silinda polepole, huku mwili wako ukiwa kando wala si mbele ya rodi.

Pistoni ikikwama, ivute kwa mikono au kwa mnyororo wa kuinulia, ukisaidia kwa nyundo ya mti. Usiisukume kwa upepo wa kompresa. Upepo hujikunja kama springi, na pistoni ikiachia ghafla hutoka kama risasi. Hali kadhalika, usiichome silinda iliyozibwa kwa moto wa gesi ili ilegee. Mafuta yaliyobaki ndani hugeuka mvuke, na silinda yaweza kulipuka.

Ikagueni rodi, wewe na msaidizi wako, kwenye mwanga wa jua. Ikiwa ina mikwaruzo mirefu au vishimo vya kutu, sili mpya itakatika baada ya siku chache. Rodi iliyopinda, silinda yenye ufa na sikio lililokatika ni kazi ya karakana yenye mashine ya kukereza. Usiziunganishe nyumbani kwa kuchomelea.

Kabla ya kutoa sili kuukuu, angalia midomo yake imeelekea wapi. Kwa kawaida mdomo hutazama upande wa mafuta yenye shinikizo, na sili iliyogeuzwa haizuii kitu. Paka sili mpya mafuta safi ya haidroliki na uzisukume kwa vidole, si kwa bisibisi kali. Ukisharudisha kila kitu, washa injini kwa mwendo mdogo, uitoe na kuirudisha rodi polepole mara kadhaa ili upepo ulio ndani uishe. Watoto na watazamaji wakae mbali.

Kazi ikiisha, nawa kwa sabuni na maji. Petroli na dizeli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuleta vipele na mipasuko. Wala usinyonye mafuta kwa mdomo ukitumia mpira. Tone likiingia mapafuni laweza kuleta uvimbe mkali wa mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa kutapika ndiko huyapeleka mafuta mapafuni.

KIDONDA KISICHOUMA

Sasa tuseme licha ya tahadhari zote, mafuta yamefyatuka na kukupiga kidoleni. Kwa kawaida huwa ni kidole cha shahada cha mkono usiotumia sana, kwa kuwa ndio ulioshika hosi. Unaona kitundu kama cha sindano. Kidole kinachonyota kidogo au kimekufa ganzi. Unajiambia, "Si kitu."

Ndani ya kidole mambo ni tofauti. Mafuta yamefuata njia za kano na kusambaa, pengine hadi kiganjani au kwenye kigasha. Yanabana mishipa ya damu, nyama inakosa damu, na kemikali zake zinaichoma polepole. Baada ya saa chache kidole huvimba, hubadilika rangi na kuanza kupwita kwa maumivu makali. Nyama iliyokufa hukaribisha viini vya maradhi. Dawa za kumeza peke yake haziwezi kuyatoa mafuta hayo. Ni lazima daktari wa upasuaji apasue, aoshe na kuondoa nyama iliyoharibika.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka wa 1937 daktari C. E. Rees aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kuhusu mafuta ya injini ya dizeli yaliyopenya mwilini kwa shinikizo kubwa. Mwaka wa 2006 wataalamu walichapisha uchunguzi wa visa 435 vya majeraha ya aina hii mikononi, yakiwemo ya rangi, grisi na mafuta. Karibu watatu katika kila kumi walikatwa kidole au sehemu ya mkono. Saa sita za kwanza ndizo zenye thamani kubwa zaidi.

UFANYE NINI

Zima mashine. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Osha juu juu kwa maji safi na sabuni, ufunike kwa kitambaa safi kisichobana, na uuinue mkono juu ya usawa wa moyo. Usikamue, usichanje kwa wembe, usikande, usitie barafu wala maji moto, na usifunge kamba. Usile wala kunywa kitu, kwa sababu huenda ukahitaji dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Enda moja kwa moja hospitali yenye daktari wa upasuaji, kama vile hospitali ya rufaa ya kaunti, wala si duka la dawa. Beba mkebe wa mafuta, au uandike jina lake, pamoja na saa uliyoumia. Mwambie anayekupokea waziwazi: "Mafuta ya haidroliki yenye shinikizo kubwa yameingia ndani ya kidole changu. Naomba kuonwa na daktari wa upasuaji sasa hivi." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu anayekitazama kitundu tu anaweza kukupa vidonge vya maumivu na kukurudisha nyumbani. Ukiambiwa hivyo, usiondoke. Eleza tena, taratibu. Uliza pia kuhusu sindano ya kuzuia pepopunda.

Na ikiwa wewe ndiwe mwajiri, usimdhihaki kijana anayesema kidole chake "kimechomwa na mafuta". Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inakutaka umlinde, na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inampa haki ya kulipwa anapoumia. Lakini fidia haioteshi kidole. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama kazi itasimama.

Silinda ikiharibika, sili nyingine zitanunuliwa kesho. Hivyo basi, kabla ya kufungua nati ya kwanza, jiulize maswali mawili: mzigo uko chini? Shinikizo limekwisha? Ikiwa jibu la lolote kati yake ni "sijui", weka spana chini kwanza.