Chipu mbili zilivyonizungusha Kariakoo!

NYIE acheni tu! Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Mjomba aliniletea Commodore 64 yake, ile kompyuta iliyotoka mwaka 1982, kibodi na mashine vyote boksi moja. Aliinunua Ujerumani enzi zake za ubaharia. "Mpwa wangu, iwashe nisikie tena muziki wake," akasema.

Kwa kiherehere changu nikachomeka adapta bila kuipima. Kioo cha TV cheusi tii! Kuja kupima, waya wa volti 5 ulikuwa unatema zaidi ya 7. Adapta zile zikizeeka ndiyo tabia yake, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoumia. Ziko nane, zimeandikwa 4164. Nikazigusa kwa kidole moja moja, mbili zilikuwa za moto kama pasi.

Kwenda kiwandani? Sahau, kampuni ilifilisika mwaka 1994. Nikaibukia Kariakoo. Muuzaji mmoja (jina nalihifadhi, tusipelekane mahakamani) akanipa mbili, miguu 16 kama zangu. "Ndiyo zenyewe, braza!" Bei ya kuua. Nyumbani nikaziangalia kwa lenzi: 4116. Zinafanana kama mapacha, ila hizo zinabeba robo tu ya kumbukumbu na zinataka volti 12, 5 na hasi 5. Kwenye tundu la 4164 hazifanyi kazi hata uzisomee dua.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi redio pale Gerezani, mwenye ndoo ya bodi za kompyuta zilizotupwa maofisini. "Usikariri jina, kijana, uliza inafanya kazi gani." Akachomoa HM4864 ya Hitachi. Jina jingine, kazi ile ile! Akang'oa mbili, akazipachika kwa soketi ili siku nyingine tusichome bodi, nikatafuta adapta mpya. Akanitoza hela ya soda tu, shikamoo mzee wangu.

Skrini ya buluu ikawaka, READY. Mjomba akapiga makofi, akaweka muziki wake. Kimya!

Chipu ya sauti, SID 6581, nayo imekufa. Hiyo sasa ndiyo kasheshe, maana ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za Commodore, haipo kwenye ndoo ya mtu. Feki zilizofutwa namba na kuandikwa upya ndizo zimejaa. Mbadala wa kisasa upo, unaitwa ARMSID, nikamwambia. Mjomba akanikata jicho.

"Mimi nataka ile ile."

Jumamosi narudi Gerezani.