Ndege wa Mwali aliyepewa jina na Wabelgiji

SAINT-GILLES, Brussels – Ukipanda tramu namba 81 hapa Barrière hadi Montgomery, kisha namba 44, utashuka Tervuren, penye jumba la makumbusho ya Afrika. Wengi wetu tukilitaja jumba lile tunamkumbuka Leopold wa Pili na Kongo. Wachache wanajua habari ya ndege wa Komoro.

Ni ndege mdogo wa bahari kuu, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, urefu wake kama sentimita 30. Mwaka 1985 Michel Louette wa jumba hilo na mwenzake Marc Herremans walimwandika kuwa aina ndogo mpya, temptator, anayezaliana kisiwani Mwali. Wakamweka chini ya Puffinus lherminieri, ndege wa Karibea aliyeandikwa mwaka 1839. Mwali na Karibea, ukoo mmoja! Kwa manyoya walifanana kweli.

Mwaka 2004 uchunguzi wa vinasaba ukapindua mambo. Ndugu wa karibu wa ndege wa Mwali ni Puffinus persicus, anayetaga visiwa vya Hallaniyat nchini Oman. Huyo aliandikwa mwaka 1872 na Allan Octavian Hume, Mwingereza aliyeshiriki kuanzisha chama cha Congress cha India mwaka 1885, kwa ndege waliopatikana kati ya Gwadar na Maskati. Undugu wa Komoro na Oman! Watu wa pwani hawakuhitaji maabara kuamini hilo.

Wataalamu hawajakubaliana moja kwa moja. Wapo waliowaunganisha wote wawili na bailloni wa Bahari ya Hindi. Ubishi huo una uzito wake: akihesabiwa pamoja na jamaa wa bahari nyingine, ndege wa Mwali huonekana yuko tele, na fedha za hifadhi huenda kwingine.

Naye hazaliani haraka. Ndege wa jamii hii hutaga yai moja tu kwa msimu, ndani ya shimo au mwanya wa mwamba, na dume na jike hulalia kwa zamu. Miguu iko nyuma mno, hivyo nchi kavu hujikokota tu; ndiyo maana hurudi shimoni usiku, akikwepa maadui wa mchana. Lakini panya na paka waliokuja na majahazi na meli huwinda usiku huo huo.

Mwaka 2020 UNESCO iliitambua Mwali kuwa hifadhi ya baiolojia. Panya bado wapo.