Modemu Iliyobaki Macho: Utangulizi

Somo hili linaanzia pale umeme unaporudi. Kompyuta imezimika ghafla, imejiwasha upya, na sasa haikumbuki lolote: ilikuwa ikiwasiliana na nani, ilikuwa imefika wapi, ilikuwa imeahidi nini. Kando yake ipo modemu yenye adapta au betri yake yenyewe, ambayo haikuzimika hata kidogo. Taa zake zinawaka kama kawaida, na huenda bado imeshikilia laini ya simu.

Karibu, msomaji. Wengi wanaoingia katika taaluma hii ya kufufua mawasiliano baada ya kuanguka hudhani mgonjwa wetu ni kompyuta, na hutumia muda mrefu kuihangaikia. Lakini kompyuta iliyosahau kila kitu ni rahisi kuihudumia, kwa kuwa haina cha kubishana nacho. Chombo kigumu ni kile kilichobaki macho, maana kinaikumbuka hali ambayo haipo tena na kinaendelea kuitii. Modemu inayokaa ndani ya kompyuta haina tatizo hili. Hufa na kufufuka pamoja na mwenyeji wake. Ni ile ya nje, yenye umeme wake, inayotuletea kazi, nasi hatuwezi kuilaumu, kwa sababu uhuru huohuo ndio tulioununua.

Wahandisi wa kwanza hawakuwa wazembe. Kiwango cha RS-232 kilitolewa Marekani mwaka 1960, na ndicho kilichotawala uunganishaji wa kompyuta na modemu kwa miongo kadhaa. Katika plagi yake ya pini 25, pini ya 20 imetengwa kwa ishara moja tu, DTR, ambayo kompyuta huitumia kusema kwamba ipo na iko tayari. Volti chanya maana yake ipo. Volti hasi maana yake haipo. Toleo la C la mwaka 1969 lina sharti ambalo ningependa kila mwanafunzi alisome polepole: kompyuta ikizimika kabisa, waya ukabaki hauna volti yoyote, modemu iusome ukimya huo kama neno "haipo". Kwa hiyo mwenyeji hahitaji nguvu ya kutangaza kifo chake. Kifo chenyewe kinafika upande wa pili kikiwa ni ujumbe, na modemu inakata simu.

Kwenye karatasi, tatizo limekwisha. Kwenye meza ya fundi halijaisha. Kuna nyaya za bei nafuu zenye nyuzi tatu tu ndani, za kutuma, kupokea na ardhi, na DTR haimo. Kuna modemu zilizopangwa kwa amri ya AT&D0, yaani zimeambiwa ziipuuze ishara hiyo, mara nyingi kwa sababu programu fulani ilikuwa ikiichezea na mtu akachoka kukatiwa simu. Kuna kushuka kwa ishara kwa muda mfupi mno: modemu nyingi za ukoo wa Hayes zina rejista ya S25, ambayo huamua DTR ishuke kwa muda gani ndipo ihesabiwe kuwa imeshuka kweli. Na ipo kompyuta iliyoganda bila kuzimika. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa volti yake inabaki juu na modemu inaendelea kuamini kwamba kuna mtu nyumbani.

Mwaka 1981 Dennis Hayes na Dale Heatherington walitoa Smartmodem, na mpaka leo tunaishi ndani ya uamuzi wao. Waya uleule mmoja ukabeba vitu viwili: maneno yaendayo kwa mtu wa mbali, na amri za modemu yenyewe. Modemu ikawa na hali mbili, ya amri na ya data. Sasa itazame kompyuta yetu iliyofufuka. Kwa adabu nzuri inatuma ATZ, amri ya kurudisha mipangilio ya mwanzo. Modemu, ambayo bado iko katika hali ya data tangu kabla ya umeme kukatika, haioni amri yoyote. Inaona herufi tatu, na inazipeleka kwa uaminifu mpaka upande wa pili wa simu. Kompyuta inasubiri jibu la OK ambalo halitakuja, na hatimaye inaandika kwamba modemu ni mbovu.

Dawa yake ni alama tatu za kujumlisha, +++, zinazotanguliwa na kufuatwa na ukimya wa takriban sekunde moja. Heatherington alipata hataza ya ukimya huo mwaka 1985, na baadhi ya washindani, ili wasiulipie, wakabuni mfuatano usiohitaji kusubiri. Kwa maoni yangu ukimya ndio sehemu ya busara zaidi katika mpango mzima: data halisi inaweza kubeba +++ wakati wowote, lakini ni nadra kuibeba ikiwa imezungukwa na utulivu pande zote mbili. Basi utaratibu wa kufufua unajipanga wenyewe. Nyamaza kwanza, tuma +++, nyamaza tena, kata simu kwa ATH, na hapo ndipo ATZ ina maana. Anayeanza na ATZ ameanza mwisho. Na kama kompyuta imepangwa kumwaga ujumbe wake wa kuwaka kwenye waya huohuo, ukimya haupatikani, na modemu haitatoka katika hali ya data hata ungeisihi.

Kuna ugonjwa mwingine wa ukoo huu unaochekesha usipokuwa wako. Modemu iko katika hali ya amri na imeachwa irudishe kila herufi inayopokea. Kompyuta inawaka na kufungua programu ya kuwapokea watumiaji, inayouliza jina. Modemu inarudisha swali. Programu inadhani swali lile ni jina, inaomba nenosiri, modemu inarudisha tena. Vyombo viwili vinakesha vikihojiana bila binadamu hata mmoja. Amri mbili fupi, E0 ya kuzima mwangwi na Q1 ya kunyamazisha majibu, zinamaliza ugomvi, mradi zihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya modemu isiyofutika.

Gharama za haya zilikuwa za kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya moja kwa moja haijafika Afrika Mashariki, barua pepe za mashirika ya Nairobi zilisafiri kwa mtandao wa Fidonet, zikipitia lango la GreenNet mjini London kwa simu za kimataifa. Modemu iliyoshikilia laini ya namna hiyo huku kompyuta yake imekufa ilikuwa ikila fedha za watu kila dakika. Ndiyo maana wakati ule itifaki ya Zmodem, aliyoitoa Chuck Forsberg mwaka 1986, ilipendwa sana. Simu ikikatika faili likiwa nusu, mpokeaji hutazama kipande alichonacho kwenye diski, humwambia mtumaji kimefika baiti ya ngapi, na kazi huendelea kutoka hapo.

Kutoka kwenye modemu, taaluma yetu inapanda ngazi. RFC 793 ya mwaka 1981, iliyoeleza itifaki ya TCP, ina sehemu nzima kuhusu muunganisho ulio wazi upande mmoja. Mwenyeji aliyeanguka anarudi na kuomba muunganisho mpya. Mwenzake, asiyejua lolote, anajibu kwa kuthibitisha namba za zamani. Mwenyeji anaona namba asizozitambua na kutuma agizo la kuvunja. Ndipo wote wawili wanaanza upya. Hati hiyohiyo inamtaka aliyepoteza kumbukumbu ya namba zake akae kimya kwanza kwa muda ambao pakiti inaweza kuishi mtandaoni, uliokadiriwa kuwa dakika 2. Ukimya wa Heatherington umerudi kwa sura nyingine. Wanaotumia PPPoE, itifaki ya kuingia kwa mtoa huduma wa intaneti, wanaujua upande mchungu wa jambo hili: seva ya mtoa huduma bado inashikilia kikao cha kabla ya kuanguka, na kama inaruhusu kikao kimoja tu, inamkatalia mteja kwa sababu mteja yuleyule "yumo ndani".

Je, werevu wa kutosha unaweza kulimaliza hili? Mwaka 1993 Alan Fekete, Nancy Lynch, Yishay Mansour na John Spinelli walithibitisha kihisabati kwamba hauwezi. Kama kuanguka kunafuta kumbukumbu yote, hakuna itifaki inayoweza kuhakikisha mawasiliano ya kuaminika juu ya njia isiyoaminika. Miaka mitano kabla yao, Alan Baratz na Adrian Segall walikuwa wameonyesha upande wenye matumaini: kumbukumbu ndogo mno isiyofutika, hata biti moja, inatosha kuanzisha kiungo kwa usalama. Msomaji atakayeyashika matokeo haya mawili pamoja ataacha kutafuta hila mpya za kusubiri na kurudia, na ataanza kuuliza swali lenye faida: kitu gani kiandikwe kwenye diski, na kiandikwe lini?

Swali hilo lina uzito leo kwa sababu modemu za nje hazijaondoka. Zimekuwa za USB zenye kadi ya simu, zikichomekwa kwenye kitovu (hub) chenye adapta yake, zikituma SMS na kusoma mita mahali ambapo umeme hauaminiki. Kompyuta ndogo ikijiwasha upya, kitovu kinaendelea kuilisha modemu volti 5, na modemu iliyoganda inabaki imeganda. Majina kama ttyUSB0 hugawiwa kwa mpangilio wa kugunduliwa, kwa hiyo programu inaweza kumwamrisha jirani. Amri ya AT+CFUN=1,1 huiwasha modemu upya ikiwa bado inasikiliza; isiposikiliza, inabaki kukata umeme wake kwa relei inayotawaliwa na kompyuta. Wapo wanaoona kukata umeme ni kushindwa kazi. Mimi naona ni hatua halali, ila ina bei yake: modemu inayowaka upya huomba PIN upya.

Tuseme kadi imebadilishwa na PIN iliyo kwenye programu si yake. Kompyuta inayoanguka na kurudi, kila mara ikikata umeme wa modemu na kujaribu PIN ileile, itamaliza nafasi tatu na kadi itadai PUK, namba ya kuifungua. PUK ikikosewa mara kumi, kadi imekufa moja kwa moja. Hapa biti ya Baratz na Segall ina mahali pake. Kabla ya kutuma PIN, programu iandike kwenye diski kwamba inajaribu, na ihakikishe maandishi yamefika kweli. PIN ikikubaliwa, ifute. Ikiwaka na kukuta alama ile haijafutwa, huku AT+CPIN? ikijibu kwamba kadi bado inataka PIN, isijaribu tena, imwite fundi.