Watunga Sifa wa Pwani (Sehemu ya Pili): Dada Masiti wa Barawa

Katika sehemu ya kwanza tulimtazama Sayyid Jaafar al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina katika karne ya 18. Maulidi yake ndiyo tunayoyasoma hapa Chole kila Mfunguo Sita: udi ukifuka chetezoni, marashi yakinyunyizwa, na watu wote wakisimama msomaji anapofika penye kuzaliwa Mtume. Barzanji alikuwa mtu wa cheo na vitabu. Leo namleta mtunzi wa hali nyingine kabisa, ambaye naona hatujampa haki yake.

Jina lake Mana Siti Habib Jamaluddin, lakini Barawa nzima, mji wa pwani ya Somalia, ilimwita Dada Masiti. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, katika jamaa ya masharifu. Inasimuliwa kwamba aliibwa angali mtoto wa miaka sita hivi, akapelekwa Unguja, akakaa utumwani miaka kama kumi mpaka jamaa zake walipompata na kumrudisha kwao.

Msomaji wa Chole asilipite jambo hili haraka. Katika karne hiyohiyo Wasakalava wa Madagaska waliibomoa Kua, kule Juani, na Chole ikawa mji wa Waarabu wa Oman wenye mashamba ya minazi kisiwa kikubwa cha Mafia. Minazi ile ilipandwa na kukwewa na watumwa walioshushwa kutoka majahazini. Biashara iliyomwiba Masiti ndiyo iliyoijenga Chole Mjini.

Alipokuwa mtu mzima aliifuata tarika ya Kadiria. Aliyeieneza sana pwani yetu alikuwa Mbarawa mwenzake, Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa 1847, akaenda Baghdad kuchukua ijaza, kisha akapokewa vizuri Unguja na masultani. Kwenye zikiri hakuna aliyeulizwa nasaba. Aliyeachwa huru jana alisimama bega kwa bega na mwungwana, na wengi wa namna yake waliingia.

Uways alitunga kasida kwa Kiarabu na Kisomali. Masiti alitunga kwa Chimini, Kiswahili cha Barawa, na hapo ndipo ninapomwona mkubwa. Mauti, toba, hesabu ya kesho: mambo ya vitabuni aliyaleta kwa lugha ya nyumbani, wanawake wasiojua Kiarabu wakayahifadhi kwa moyo. Naamini miaka ile ya Unguja, mbali na mama yake, ndiyo iliyomfundisha asimwache nyuma mtu yeyote asiye na chuo.

Mwaka 1909 Barawa ilipata misiba miwili. Uways aliuawa na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa Madarwishi wa Somalia, na Sheikh Nurein Ahmed Sabir, mwanachuoni wa Barawa, naye akafariki. Shairi la Masiti lenye sifa kuliko yote ni lile alilomtungia Nurein. Mwenyewe alifariki 1919, na kaburi lake likawa mahali pa ziara.

Masiti hunikumbusha mtunzi mwingine: kule Marekani, katika zama hizohizo, aliishi Fanny Crosby, kipofu tangu uchanga, ambaye nyimbo zake Wakristo wenzetu wanaziimba katika Tenzi za Rohoni. Alifariki 1915. Wanawake hawa wawili hawakujuana, na wote wawili walimtungia mtu wa kawaida.

Sehemu ya tatu itamhusu Sayyid Mansab wa Lamu, aliyeyatia maulidi ya Barzanji katika mashairi ya Kiswahili.